Somo la Kumi na Mbili: Mafuta Katika Chakula na Afya ya Moyo

Katika masomo yaliyopita ulijifunza juu ya makundi ya chakula na kazi zake mwilini. Ulijifunza pia jinsi damu inavyozunguka. Katika somo hili tutayaunganisha mambo hayo mawili. Tutachunguza jinsi mafuta tunayokula yanavyoujenga mwili, na jinsi yanavyoweza kuudhuru moyo yakizidi au yakiwa ya aina isiyofaa.

1. Moyo na kazi yake

Kunja ngumi yako, kisha itazame. Moyo wako una ukubwa unaokaribia ukubwa wa ngumi hiyo. Moyo ni msuli wenye nafasi ndani yake. Kazi yake ni kusukuma damu ipite katika mishipa na kufika katika kila sehemu ya mwili.

Moyo wa mtu mzima anayepumzika hupiga kama mara 70 kwa dakika, na katika dakika hiyo moja husukuma lita 5 hivi za damu. Kwa saa moja husukuma lita 300. Kiasi hicho kingeweza kujaza ndoo 15 za lita 20. Hakuna mtu awezaye kuteka ndoo 15 za maji kila saa, mchana na usiku, bila kupumzika. Lakini moyo hufanya kazi hiyo tangu kabla hujazaliwa, na hauna siku ya mapumziko.

*Jaribio la kwanza.* Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba, mpaka usikie mapigo. Hesabu mapigo hayo kwa dakika moja. Sasa kimbia kuzunguka uwanja mara moja, kisha uhesabu tena. Andika matokeo katika daftari lako. Mapigo ya watoto wengi wa umri wako wanapopumzika huwa kati ya 70 na 100 kwa dakika. Kwa nini yaliongezeka baada ya kukimbia?

Msuli wowote unaofanya kazi huhitaji chakula na oksijeni. Moyo nao ni msuli, kwa hiyo unahitaji vitu hivyo. Unaweza kufikiri kwamba moyo hujichukulia chakula kutoka katika damu inayopita ndani yake. Sivyo. Moyo una mishipa yake maalumu, nayo huitwa ateri za moyo. Ateri hizo hutambaa juu ya moyo, kisha hugawanyika na kuingia ndani ya msuli wake. Ni nyembamba, upana wake ni milimita chache tu. Kumbuka jambo hili, maana ndilo kiini cha somo letu.

2. Jinsi ya kutambua mafuta katika chakula

Mafuta mengine tunayaona waziwazi, kama vile samli, siagi, mafuta ya alizeti na yale meupe yanayoshikamana na nyama. Mafuta mengine yamejificha ndani ya chakula.

*Jaribio la pili.* Vifaa: karatasi nyeupe, karanga, kipande cha nazi, andazi, kipande cha muhogo, punje ya mahindi iliyopondwa, na maji.

Gawa karatasi katika sehemu sita. Andika jina la kitu kimoja katika kila sehemu. Sugua kila chakula katika sehemu yake, na katika sehemu ya sita dondosha tone la maji. Anika karatasi hiyo juani kwa nusu saa. Sasa inyanyue na kuitazama kuelekea kwenye mwanga.

Utaona kwamba doa la maji limekauka na kutoweka. Lakini doa la karanga, la nazi na la andazi limebaki, na mwanga unapenya hapo. Doa linalobaki na kupitisha mwanga huonyesha kuwa chakula hicho kina mafuta. Je, muhogo umeacha doa kama hilo? Mahindi je? Linganisha matokeo yako na ya wenzako.

3. Kazi za mafuta mwilini

Mafuta si adui wa mwili. Mtu asiyekula mafuta kabisa hawezi kuwa na afya njema. Kazi kubwa za mafuta ni hizi:

(a) Kuupa mwili nguvu. Gramu moja ya mafuta hutoa nguvu zaidi ya mara mbili ya ile inayotolewa na gramu moja ya wanga au sukari.

(b) Kuusaidia mwili kupokea vitamini A, D, E na K. Vitamini hizi huyeyuka katika mafuta. Kwa sababu hiyo, mchicha uliotiwa mafuta kidogo au karanga hutupatia vitamini A nyingi kuliko mchicha uliochemshwa kwa maji matupu.

(c) Kuhifadhi joto la mwili, na kuzikinga sehemu laini za ndani kama vile figo.

(d) Kujenga ubongo na kuta za seli. Ndiyo maana watoto wadogo huhitaji mafuta kwa ajili ya kukua, na maziwa ya mama yana mafuta.

Basi tatizo haliko katika kula mafuta. Tatizo liko katika kiasi tunachokula na aina tunayoichagua.

4. Aina mbili za mafuta

*Jaribio la tatu.* Chukua vifuniko vitatu vya chupa. Katika kifuniko cha kwanza weka samli, katika cha pili mafuta ya nazi, na katika cha tatu mafuta ya alizeti. Vielee vifuniko hivyo juu ya maji ya baridi kutoka mtungini, asubuhi na mapema. Baada ya nusu saa, viinamishe kidogo. Ni mafuta gani yameganda? Ni yapi yanatiririka?

Mafuta ya nazi huwa maji katika joto la Dar es Salaam au Tanga. Lakini ukiyapeleka Njombe au Lushoto wakati wa baridi, huganda na kuwa meupe, kwa sababu huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Mafuta ya alizeti hubaki maji huko huko kwenye baridi.

Tofauti hii si ya macho tu. Mafuta yanayoganda kwa urahisi yana sehemu kubwa ya aina ambayo wataalamu huiita *mafuta yaliyoshiba*. Utajifunza sababu ya jina hilo utakapofika shule ya sekondari. Mafuta hayo hupatikana kwa wingi katika samli, siagi, mafuta ya nyama, nazi na mawese. Mafuta yasiyoganda kwa urahisi huitwa *mafuta yasiyoshiba*. Haya hupatikana katika alizeti, ufuta, karanga, mbegu za pamba na samaki.

Kuna aina nyingine inayotengenezwa na viwanda. Mafuta ya mimea yanapotiwa gesi ya haidrojeni ili yagande, baadhi yake hubadilika na kuwa *mafuta ya transi*. Aina hii ni mbaya kuliko zote kwa moyo. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yaache kutumia mafuta ya transi yanayotoka viwandani.

5. Kolesteroli ni nini?

Kolesteroli, ambayo huitwa pia lehemu, ni kitu kinachofanana na nta, nacho ni cha jamii ya mafuta. Mwili unaihitaji. Huitumia kujenga kuta za seli, kutengeneza nyongo inayosaidia kumeng'enya mafuta, na kutengeneza vitamini D katika ngozi iliyopigwa na jua.

Kolesteroli iliyomo mwilini hutoka sehemu mbili. Sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, na ini ndilo kiwanda chake kikubwa. Sehemu nyingine hutoka katika chakula. Vyakula vyenye kolesteroli ni vile vinavyotokana na wanyama, kama vile nyama, maini, maziwa, siagi na mayai. Katika yai, kolesteroli yote imo katika kiini; ute hauna.

Sasa fikiri juu ya nazi. Nazi ni tunda la mti, kwa hiyo haina kolesteroli. Je, basi mtu anaweza kula tui zito na mafuta ya nazi bila kipimo? Jibu ni hapana. Mafuta yaliyoshiba, hata yakitoka katika mmea, hulifanya ini lishindwe kuiondoa kolesteroli ya kutosha kutoka katika damu, nayo ikaongezeka humo. Kwa watu wengi, mafuta yaliyoshiba huongeza kolesteroli ya damu kuliko kolesteroli yenyewe iliyomo katika chakula. Kwa hiyo chupa ya mafuta ikiandikwa "hayana kolesteroli", maneno hayo peke yake hayatoshi kutuambia kuwa mafuta hayo ni salama.

6. Kolesteroli husafirije katika damu?

*Jaribio la nne.* Tia maji katika chupa mpaka nusu, kisha ongeza vijiko viwili vya mafuta. Ifunike na kuitikisa. Iache itulie. Unaona nini? Mafuta yamepanda juu na kujitenga. Sasa tia sabuni kidogo, utikise tena. Mafuta yamegawanyika na kuwa matone madogo madogo yanayoelea ndani ya maji.

Sehemu kubwa ya damu ni maji. Kolesteroli haichanganyiki na maji, kama vile mafuta ya jaribio letu. Basi mwili huifunga katika vifurushi vidogo mno, ambavyo kwa nje vina protini. Vifurushi hivyo huelea katika damu na kusafiri.

Vifurushi hivyo ni vya namna nyingi, lakini viwili ndivyo muhimu katika somo hili. Namna ya kwanza hubeba kolesteroli na kuisambaza mwilini. Vikizidi, huingia katika kuta za ateri na kuiacha kolesteroli humo. Hii huitwa *kolesteroli mbaya*. Namna ya pili hukusanya kolesteroli iliyozidi na kuirudisha kwenye ini. Hii huitwa *kolesteroli nzuri*. Kolesteroli yenyewe ni ile ile. Kinachotofautiana ni kifurushi na safari yake.

Ini nalo huvidaka vifurushi vya namna ya kwanza na kuviondoa katika damu. Wanasayansi wawili wa Marekani, Michael Brown na Joseph Goldstein, waligundua jinsi seli zinavyovidaka. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Waliona pia kwamba watu wengine huzaliwa na upungufu wa vidakio hivyo. Watu hao huwa na kolesteroli nyingi hata wakila kwa uangalifu. Usimcheke mtu mwenye ugonjwa wa moyo ukidhani kuwa ni mlafi tu.

7. Ateri zinapokuwa nyembamba

Ateri ya mtoto mwenye afya ni laini kwa ndani, nayo huweza kutanuka. Kolesteroli inapoingia katika ukuta wake mwaka baada ya mwaka, ukuta huvimba na kuwa mgumu. Nafasi ya kupitia damu hupungua. Hebu tuone matokeo yake.

*Jaribio la tano.* Vifaa: vikonyo viwili vya majani ya mpapai vyenye upana ulio sawa na urefu wa sentimita 15; makopo mawili ya ukubwa mmoja yaliyotobolewa chini na mwalimu; udongo wa mfinyanzi; mafuta yaliyoganda; kijiti; maji baridi; na saa. Nawa mikono baada ya kukata vikonyo, na usiguse macho, maana utomvu wa mpapai huwasha.

Ingiza kila kikonyo katika tundu la kopo, na uzibe pembeni kwa udongo ili maji yasivuje. Kwa kutumia kijiti, paka mafuta ndani ya kikonyo kimoja mpaka kibaki na njia nyembamba katikati. Ziba ncha za chini kwa vidole. Jaza makopo yote mawili maji ya kiasi kimoja. Achia vidole kwa wakati mmoja. Tazama saa, uandike kila kopo limechukua muda gani kuwa tupu.

Umeona kuwa kopo lenye kikonyo kilichopakwa mafuta limechelewa sana. Njia ikipungua upana na kuwa nusu, maji yanayopita hayapungui nusu tu. Hupungua zaidi sana.

Kuna tofauti moja kati ya jaribio hili na mwili. Katika kikonyo tumepaka mafuta juu ya ukuta. Katika ateri, mafuta hukusanyika *ndani* ya ukuta wenyewe, chini ya ngozi nyembamba. Siku moja ngozi hiyo inaweza kupasuka. Damu huganda mahali hapo, kama inavyoganda unapojikata kidole. Lakini hapa bonge la damu huweza kuziba ateri yote. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na ateri hiyo hukosa oksijeni na kuanza kufa. Hilo ndilo *shambulio la moyo*. Ateri ya ubongo ikizibwa, mtu hupata *kiharusi*, naye huweza kupooza upande mmoja wa mwili au kupoteza usemi.

Magonjwa ya moyo na mishipa ya damu huua watu zaidi ya milioni 17 duniani kila mwaka. Hakuna kundi la magonjwa linaloua watu wengi kuliko hayo.

8. Wataalamu walivyogundua

Mwaka 1913, katika mji wa St. Petersburg nchini Urusi, daktari kijana aitwaye Nikolai Anitschkow aliwalisha sungura kolesteroli iliyochanganywa na mafuta ya alizeti. Baada ya muda aliona mafuta katika kuta za ateri zao. Sungura waliopewa mafuta ya alizeti bila kolesteroli hawakupata madhara hayo. Lakini sungura hula majani, naye binadamu hula vitu vingi. Kwa hiyo haikutosha kuchunguza sungura peke yao.

Mwaka 1948 wataalamu wa Marekani walianza kuwachunguza watu wazima 5,209 wa mji wa Framingham. Waliwapima mara kwa mara kwa miaka mingi. Polepole ukweli ukaonekana: wale wenye kolesteroli nyingi katika damu, wenye shinikizo kubwa la damu, na wavutaji wa sigara, walipata magonjwa ya moyo zaidi kuliko wenzao.

Mwaka 1953 madaktari wengine wa Marekani walieleza uchunguzi wao wa mioyo 300 ya askari waliokufa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wa askari hao ulikuwa miaka 22. Hata hivyo, zaidi ya robo tatu yao walikuwa na dalili za ugonjwa katika ateri za moyo. Hapo ilibainika kwamba ugonjwa huu haumpati mtu ghafla uzeeni. Huanza ujanani, pole pole na bila maumivu. Ndiyo sababu somo hili limewekwa katika kitabu chako, wala halikuachiwa wazee peke yao.

9. Fumbo la Wamasai

Sasa tuangalie jambo lililowashangaza wataalamu, nalo lilitokea katika nchi yetu. Katika miaka ya 1960 Daktari George Mann wa Marekani na wenzake waliwapima wanaume 400 wa Kimasai wa Tanganyika. Chakula chao kilikuwa maziwa na nyama, vyakula vyenye mafuta mengi yaliyoshiba. Kwa kufuata tuliyojifunza, tungetazamia kuwa wana kolesteroli nyingi na mioyo dhaifu. Lakini matokeo yaliyotangazwa mwaka 1964 yalikuwa kinyume. Kolesteroli yao ilikuwa chini, na dalili za ugonjwa wa moyo hazikuonekana.

Je, hii ina maana kwamba mafuta hayadhuru? Wataalamu hao hawakuharakisha kujibu. Waliendelea kuchunguza. Mwaka 1972 walieleza juu ya mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufariki. Waliona kuwa kuta za ateri zao zilikuwa na mafuta, na zilikuwa zimenenepa kama zile za wazee wa Marekani. Lakini ateri zenyewe zilikuwa zimepanuka kadiri umri ulivyoongezeka, hata damu ikawa na nafasi ya kutosha kupita. Walidhani kuwa kilichowakinga ni mwendo. Mchungaji wa Kimasai alitembea mwendo mrefu akifuata ng'ombe, siku baada ya siku.

Jifunze mambo mawili hapa. Kwanza, mwanasayansi hatupi ushahidi unaopingana na fikira zake, huuchunguza. Pili, chakula ni sababu mojawapo, lakini si sababu pekee. Mtu anayekula nyama ya mafuta kila siku, kisha akaketi kutwa nzima ofisini na jioni akarudi nyumbani kwa gari, hawezi kujilinganisha na mchungaji huyo.

10. Jinsi ya kuutunza moyo

(a) *Pima mafuta ya kupikia.* Tumia kijiko, usimimine moja kwa moja kutoka katika chupa. Chagua mara nyingi mafuta ya alizeti, ufuta, karanga au pamba. Samli, mawese na tui la nazi vitumike kwa kiasi. Mawese mekundu yana faida ya kutupatia vitamini A, lakini nusu hivi ya mafuta yake ni yale yaliyoshiba.

(b) *Punguza vyakula vya kukaanga.* Chipsi, maandazi, sambusa na vitumbua si vibaya kuliwa mara moja moja. Vibaya ni kuvifanya chakula cha kila siku. Mafuta yaliyokwisha kaangiwa mara nyingi hata yakawa meusi yasitumiwe tena.

(c) *Ondoa mafuta meupe ya nyama na ngozi ya kuku* kabla ya kupika. Kula samaki na dagaa mara kwa mara. Mafuta yao huufaa moyo.

(d) *Kula maharage, kunde, choroko, mboga za majani na matunda.* Nyuzinyuzi zilizomo katika vyakula hivyo huzuia sehemu ya kolesteroli isirudi katika damu kutoka utumboni.

(e) *Punguza chumvi.* Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, nalo huumiza kuta za ateri.

(f) *Fanya kazi na kucheza.* Kutembea, kulima, kucheza mpira na kuruka kamba huuimarisha moyo. Mtoto anahitaji saa moja ya mwendo kila siku.

(g) *Usivute sigara.* Moshi wake huharibu kuta za ateri, na kolesteroli huingia kwa urahisi.

Watu wazima wapime shinikizo la damu na kolesteroli hospitalini. Kolesteroli iliyozidi haiumi wala haiwashi; huwezi kuijua kwa kumtazama mtu, na hata mtu mwembamba anaweza kuwa nayo. Wapo wagonjwa wanaohitaji dawa. Dawa za namna hii zilianza kugunduliwa katika miaka ya 1970 na mwanasayansi wa Japani, Akira Endo, aliyeichunguza kuvu kama ile inayoota juu ya chakula kilichooza. Dawa hizo hutolewa na daktari tu.

11. Mtu akishikwa na moyo

Dalili za shambulio la moyo ni maumivu au uzito kifuani, ambao huweza kuenea mpaka mkononi, shingoni au tayani, jasho la baridi, kukosa pumzi, na kichefuchefu. Dalili za kiharusi ni uso kupinda, mkono mmoja kukosa nguvu, na usemi kuharibika.

Ukimwona mtu mwenye dalili hizo, usingoje. Mwite mtu mzima mara moja. Mgonjwa aketi au alale apumzike, asitembezwe, na apelekwe hospitali haraka kwa chombo chochote kilichopo. Watu wengine husema kwamba mgonjwa wa namna hii amerogwa, wakapoteza saa nyingi wakimtafuta mchawi. Lakini wewe umekwisha kuona kwa jaribio jinsi njia nyembamba inavyozuia maji kupita. Kila dakika inayopotea, sehemu nyingine ya msuli wa moyo hufa, na msuli huo hauoti tena. Waeleze wa nyumbani kwenu jambo hili. Huenda maelezo yako yakamwokoa babu, shangazi au jirani.

Mambo ya kukumbuka

1. Moyo ni msuli unaolishwa na ateri zake wenyewe, nazo ni nyembamba.
2. Mwili unahitaji mafuta, lakini kwa kiasi, na aina yake ina maana.
3. Kolesteroli hutengenezwa na ini, na hupatikana pia katika vyakula vya wanyama.
4. Mafuta yaliyoshiba na mafuta ya transi huongeza kolesteroli mbaya katika damu.
5. Ateri huanza kudhurika ujanani, bila maumivu.
6. Chakula bora, mwendo, na kuacha sigara huulinda moyo.

Maswali

1. Taja kazi tatu za mafuta mwilini.
2. Kwa nini kolesteroli haiwezi kusafiri katika damu bila kufungwa katika vifurushi?
3. Nazi haina kolesteroli. Eleza kwa nini hata hivyo inatupasa kuitumia kwa kiasi.
4. Moyo hupiga mara 70 kwa dakika. Hupiga mara ngapi kwa siku moja?
5. Jaribio la vikonyo vya mpapai linafanana vipi na yanayotokea katika ateri? Linatofautiana vipi?
6. Kwa nini haikutosha kwa wataalamu kuchunguza sungura peke yao?
7. Jirani yako anasema, "Wamasai walikula mafuta na hawakuumwa moyo, basi na mimi nitakula nipendavyo." Utamjibu nini?

Kazi ya nyumbani

Kwa muda wa wiki moja, andika katika daftari vyakula vyote vya kukaanga vinavyoliwa nyumbani kwenu, na aina ya mafuta yaliyotumika. Mwulize anayepika chupa au kopo moja la mafuta hukaa siku ngapi, na watu wangapi hula katika chungu hicho. Kisha gawa mafuta hayo kwa idadi ya watu na kwa idadi ya siku, upate kiasi anachokula mtu mmoja kwa siku. Lete matokeo darasani, myajadili kwa makundi. Je, kuna jambo moja ambalo nyumba yenu ingeweza kubadili bila kuongeza gharama?